Bodi kuu mpya ya 2500 A: megga inasoma 0.4 MΩ, mkandarasi anataka kuwasha

Kipimo_Kwanza

Wakuu, habari za kazi. Nipo upande wa mwenye jengo na natakiwa kusaini kabla umeme haujaingizwa. Mfumo uko hivi: transfoma ya mafuta ya 1600 kVA, 11 kV kwenda 400 V, Dyn11 (aina ya mwunganiko wa koili), impidansi 6%. Kebo ya XLPE (insulesheni ya plastiki) ya 6.35/11 kV, urefu mita 180. Bodi kuu ina breka ya hewa ya 2500 A yenye kinga ya hitilafu ya erthi, kabati la kapasita la 400 kVAr, na jenereta ya 1000 kVA inayoingia kupitia ATS (swichi inayobadili chanzo yenyewe) ya poli nne. Kuna UPS (umeme wa akiba wa betri) ya chumba cha seva.

Ripoti ya mkandarasi inasema hivi. Bodi kuu, fezi tatu zimefungwa pamoja dhidi ya erthi, megga (kipima ukinzani wa insulesheni) ya 500 V imesoma 0.4 MΩ. Anadai ni unyevu tu, na kwamba kanuni ya ohm 1000 kwa kila volti inamruhusu, maana 400 V mara 1000 ni hiyo hiyo 0.4 MΩ. Breka kuu imepimwa kwa kuchomeka kisanduku cha majaribio kwenye kitengo chake cha kukatisha, ikaandikwa imefaulu. Kebo ya 11 kV anataka kuipima kwa DC. Jenereta haikutajwa kabisa.

Naomba kujua: hiyo 0.4 inakubalika? Kipimo cha breka kinatosha? DC kwenye XLPE ni sawa? Na utaratibu wa kuwasha uweje asiumie mtu?

Basiba_Tupu

Mkuu, usisaini bado, ila usiwaambie wakaushe bodi pia. Kwanza jua ni nini unachokipima.

Kanuni ya ohm 1000 kwa volti ipo kweli kwenye IEC 61439-1, lakini ni njia mbadala kwa bodi ambazo breka au fyuzi yake ya kuingiza umeme haizidi 250 A, na hesabu yake inatumia volti ya fezi kwenda erthi, si 400. Bodi yako ni ya 2500 A, hiyo njia haikuhusu. Kwa mfumo uliokwisha kufungwa mahali pake, IEC 60364-6 inataka angalau 1 MΩ kwa megga ya 500 V. Nayo 1 MΩ ni sakafu tu. Bodi mpya, safi, iliyochomolewa kila kitu, inapaswa kusoma mamia ya MΩ. Ikisoma 2 au 3 nisingefurahi hata kama karatasi inaruhusu.

Sasa hiyo 0.4. Ipime kwa hatua: 250 V, kisha 500 V, dakika moja kila hatua, na uangalie namba inavyotembea. Usipande 1000 V kabla ya kutoa vifaa vyote vya elektroniki.

Namba ikibaki ile ile kwa volti zote mbili na ikatulia papo hapo, hiyo si insulesheni, ni rezista iliyounganishwa mahali fulani. Mshukiwa wa kwanza ni mita za nishati. Ingizo la volti la mita, kati ya fezi na nyutro, lina ukinzani wa megaohm chache tu. Kiungo cha nyutro na erthi kikiwa kimefungwa, megga inaona mita nzima. Chukua mita yenye 1.2 MΩ kwa kila fezi: ukifunga fezi tatu pamoja unapata 0.4 MΩ kamili.

Namba ikiporomoka volti inapopanda, na megga ikashindwa hata kufikisha volti uliyoweka, ni vikinga surji. Varistori zake zinaanza kupitisha mkondo ukizivuka volti zake, ndiyo kazi yake. Chomoa katriji zote.

Namba ikiyumbayumba, inapanda inashuka bila kutulia, au ikatofautiana asubuhi na mchana, hapo ndipo unaweza kuanza kuzungumzia unyevu au vumbi la saruji kwenye vishikio vya basiba (vipande vya metali vinavyobeba mkondo ndani ya bodi). Tiba yake ni kusafisha kwa kifyonza vumbi (si kwa hewa ya kompresa, inasukuma uchafu ndani zaidi), kuwasha hita za kabati siku nzima au mbili, kisha kupima upya. Kumbuka kuandika joto: ukinzani wa insulesheni hushuka takribani nusu kwa kila nyuzi 10 za selsiasi zinazoongezeka, kwa hiyo vipimo viwili vya siku tofauti bila joto havilinganishiki.

Namba ikipanda polepole ndani ya dakika ile, hiyo ni dalili njema. Insulesheni nzima inajaa chaji.

Toa fyuzi za mita na za transfoma ya kontroli, chomoa vikinga surji, tenga kabati la kapasita na UPS, fungua kiungo cha nyutro na erthi, halafu pima kila fezi kwa kila fezi, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa erthi, na nyutro kwa erthi. Vipimo 10. Kipimo kimoja cha fezi tatu kwa pamoja hakiwezi kukuonyesha hitilafu kati ya fezi na fezi.

Na hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko namba zote hapo juu: kila kilichofunguliwa kiandikwe kwenye karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa bodi, na kila kilichorudishwa kitiwe saini. Mtu akifungua kiungo cha nyutro kuu ya bodi (si kile cha nyutro na erthi) ili apime, akasahau kukirudisha, umeme ukiwaka nyutro inaelea. Vifaa vya fezi moja vinaanza kugawana 400 V kati yao kulingana na mzigo, na chenye mzigo mdogo ndicho kinachopata volti kubwa. Kompyuta, vidhibiti vya lifti, vifaa vya maabara, vyote vinaungua ndani ya sekunde chache na hakuna breka itakayoruka.

Rilei_na_CT

Mwenzangu amemaliza la megga. Mimi niseme la breka.

Kisanduku kile kinachochomekwa kwenye kitengo cha kukatisha kinapima ubongo peke yake: elektroniki na koili ya kukatisha. CT (transfoma ndogo za kupimia mkondo) zilizo ndani ya breka, nyaya zake, na hasa CT ya nje ya nyutro, hazijaguswa. Kwa breka ya kawaida ningeweza kuvumilia. Kwa breka yenye kinga ya hitilafu ya erthi sivumilii, kwa sababu kosa linalojirudia zaidi ni CT ya nyutro iliyogeuzwa au isiyounganishwa kabisa, na kisanduku hakiwezi kuliona.

Utaligundua kwa kusukuma mkondo halisi kwenye basiba, jaribio la aina mbili. La kwanza, pitisha mkondo fezi moja tu, uzidi kiwango cha erthi kilichowekwa: breka lazima ikate. La pili, pitisha mkondo ule ule uingie kwa fezi na urudi kwa nyutro: breka lazima itulie. Ikikata kwenye la pili, CT ya nyutro imegeuzwa au haipo. Bodi kama hiyo ikiwashwa haileti shida mwanzoni. Inakuja kukata jengo zima siku mzigo wa fezi moja umeongezeka, na watu watahangaika kutafuta hitilafu ya erthi ambayo haipo.

Mipangilio yenyewe: mkondo kamili wa transfoma yako ni 1600 kVA kugawa kwa 1.732 × 400 V, yaani 2309 A. Kwa breka ya 2500 A, Ir (kiwango cha mkondo wa kudumu kinachowekwa kwenye breka) ni kama 0.92. Mkondo wa mzunguko mfupi kwenye basiba, kwa 6%, ni takribani 38.5 kA, kwa hiyo hakikisha bodi na breka vimeandikwa angalau 50 kA. Huwezi kusukuma mara 6 ya Ir, karibu 13.8 kA, kwa mashine ya kubebeka. Wapimaji hushusha mipangilio kwa muda wapime kwa mkondo mdogo. Ni sawa, lakini piga picha ya vibadilishi kabla na baada, kisha linganisha na karatasi ya mhandisi wa kinga. Breka nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa, au mpimaji anaziacha pale alipozishushia.

Angalia pia tamino za mawasiliano kati ya breka ya juu na za chini. Kwenye breka nyingi, kama mfumo huo hautumiki, tamino hizo zinatakiwa ziwe na jampa. Jampa zikikosekana, breka kuu inakata papo hapo bila kungoja muda wa kuchelewa uliouweka (mfano 0.4 s), na hitilafu ndogo kwenye bodi ya ghorofa inazima jengo.

Mguso wa ndani wa breka pima kwa 100 A DC au zaidi, kwa maikroohm. Usitafute namba moja ya kufaulu. Linganisha poli kwa poli: yoyote inayozidi ile ya chini kabisa kwa zaidi ya 50% ichunguzwe. Fanya vivyo hivyo kwenye viungo vya basiba vilivyokazwa hapo hapo jengoni, maana vile vya kiwandani huwa salama, vya jengoni ndivyo husahaulika. Kukaza ni kwa spana ya torki na kwa namba ya mtengenezaji, kisha chora mstari wa rangi ukivuka boliti na basiba.

Mwisho, CT za mita: hakuna sekondari ya CT inayoachwa wazi mkondo ukipita. Volti inayojengeka pale inaua mtu na kuchoma CT. Kagua kila bloku ya majaribio ya CT kabla ya mzigo kupanda.

KeboXLPE

DC kwenye kebo ya XLPE, hapana. DC huacha chaji imenasa ndani ya insulesheni, na mkazo wake haufanani na ule wa AC kebo itakaoishi nao. Kebo inaweza kufaulu DC leo ikapasuka baada ya kuwashwa, na viungo vya mwisho vilivyofungwa vibaya mara nyingi vinapita bila kuonekana.

Kipimo unachokitaka ni VLF (masafa ya chini sana), AC ya 0.1 Hz, kwa mara 3 ya U0 (volti ya kebo kati ya fezi na erthi). U0 yako ni 6.35 kV, hivyo 19 kV kwa dakika 15, fezi moja baada ya nyingine, nyingine mbili na skrini zote zikiwa kwenye erthi. Kabla ya hapo pima ganda la nje kwa DC (hapa DC ni sahihi): 4 kV kwa kila milimita ya unene, isizidi 10 kV, dakika moja. Ganda likichanika wakati wa kuvuta kebo, maji yataingia polepole na utalipia miaka ijayo. Kebo ichomolewe pande zote mbili, transfoma na arresta (vikinga radi) zisibaki zimeunganishwa. Mtu asimame upande wa pili na kizuizi, si utepe tu uliofungwa kwenye kiti.

Kama VLF haipatikani kabisa, kiwango cha IEC kinaruhusu kuiacha kebo kwenye volti ya kawaida ya mfumo saa 24 bila mzigo. Ni dhaifu zaidi, lakini haidhuru kebo.

Baada ya kipimo chochote cha DC au megga, iweke kebo kwenye erthi kwa muda usiopungua mara 4 ya muda wa kipimo. Mita 180 za kebo zinahifadhi chaji ya kutosha kumwangusha mtu kutoka kwenye ngazi, na hata ukigusisha mara moja, chaji hurudi kujitokeza.

Transfoma: uwiano wa fezi hadi fezi juu kwa fezi hadi nyutro chini ni 11000 kugawa kwa 230.94, yaani 47.63. Kama bamba linasema 433 V bila mzigo, ni 44.0, kwa hiyo soma bamba kwanza. Tofauti isizidi 0.5%. Ukipata fezi zote tatu zinasoma 48.82, transfoma ni nzima, kibadili tepu ndicho kipo hatua moja ya +2.5%. Fezi moja ikitofautiana na wenzake ndipo kuna tatizo la koili. Pima pia ukinzani wa koili kwenye tepu zote, halafu urudishe tepu mahali pake na uipime tena hapo.

Rilei ya 11 kV: mkondo kamili upande huo ni 84 A. Tuseme CT ni 100/1 na kiwango ni 0.95 A, mkunjo wa kawaida wa IEC, TMS (kizidishi cha muda) 0.1. Sukuma 1.9 A, lazima ikate kwa sekunde 1.00. Sukuma 9.5 A, ikate kwa 0.30. Usiishie kwenye taa ya rilei, breka yenyewe ifunguke. Fanya vivyo hivyo kwa Buchholz (rilei ya gesi ya transfoma ya mafuta) na kwa kipimajoto cha mafuta: kichokoze kila kimoja kwenye transfoma, sikiliza breka ikiachia. Na ukague betri za 110 V, kwa sababu breka ya 11 kV isiyo na DC haikati hata rilei ikipiga kelele.

FunguoMoja

Nijibu la jenereta na la usalama.

ATS ya poli nne maana yake nyutro inabadilishwa pia. Kwa hiyo kila chanzo kinakuwa na kiungo chake cha nyutro na erthi: kimoja kwenye bodi kuu, kimoja kwenye jenereta. Baada ya ATS kisiwepo chochote. Jenereta ikikosa chake, mfumo unaelea na hitilafu ya erthi haina njia ya kurudi, breka hazikati. Kikiwepo cha ziada huko chini, mkondo wa nyutro unapita kwenye erthi na ile kinga ya Rilei_na_CT inasoma uongo. Kuthibitisha ni rahisi: vyanzo vyote vimezimwa na kufungwa kwa kufuli, weka ATS katikati, pima nyutro na erthi upande wa mzigo kwa ohmita ya kawaida. Ikionyesha njia ya moja kwa moja, kuna kiungo kimefichwa kwenye bodi ya ghorofa au kwenye UPS. Usitumie megga hapo ikiwa vifaa vimeunganishwa.

Mzunguko wa fezi wa jenereta ulingane na wa transfoma, upimwe kwenye ATS pande zote mbili. Ukitofautiana, pampu za kuzimia moto zitazunguka kinyume siku ile zinapohitajika. Kapasita zifungwe zisiingie wakati wa jenereta: 400 kVAr kwenye mzigo mdogo zinaipandisha volti hadi kidhibiti kinashindwa. Jenereta ipimwe kwa mzigo wa majaribio 25, 50, 75 na 100%, na ujue kwamba mzigo wa ukinzani mtupu unapima injini vizuri lakini hauichoshi altaneta kwa kVAr.

Usalama wa watu. Tenga, funga kufuli, thibitisha hakuna umeme, weka erthi, zuia sehemu jirani zenye umeme. Kila mtu kufuli lake na ufunguo mfukoni mwake, si kufuli moja la msimamizi. Kipima volti kijaribiwe kwenye chanzo kinachojulikana kabla na baada ya kupima, la sivyo "hakuna umeme" inaweza kuwa kipima kilichokufa. Umeme hurudi nyuma kutoka UPS, jenereta na sola, hivyo hesabu vyanzo vyote kabla ya kugusa. Kapasita zinatakiwa zishuke hadi 75 V ndani ya dakika 3. Ngoja 5, kisha pima. Kiendeshi cha mota cha 400 V kina takribani 565 V DC ndani yake hata baada ya kuzimwa.

Mahali pa hatari kuliko pote ni kipande kati ya transfoma na breka kuu. Hitilafu pale haiwezi kukatwa na breka kuu, inangoja rilei ya 11 kV, na nishati ya mlipuko inaongezeka kadiri muda unavyoongezeka. Hapo hakuna kufanya kazi umeme ukiwepo, hata mtu akiwa na suti ya kujikinga.

Siku ya kuwasha: breka kuu iwe imevutwa nje, milango imefungwa, watu wote nje ya chumba, 11 kV ifungwe kutoka mbali. Rilei ikikata papo hapo, usifunge tena kwa kudhani ni mkondo wa kuamka wa transfoma (ule mkubwa wa muda mfupi inapowashwa). Mkondo huo unaweza kufika mara 8 hadi 12 ya mkondo kamili, lakini rekodi ya rilei itakuambia kama ni wenyewe au hitilafu, isome kwanza. Iache transfoma bila mzigo saa kadhaa, sikiliza mlio, pima volti sita (fezi kwa fezi tatu, fezi kwa nyutro tatu) na nyutro kwa erthi, pima mzunguko. Ndipo breka kuu, zikiwa breka zote za kutoka wazi. Kisha moja moja, na kapasita mwisho kabisa.

Kipimo_Kwanza

Nashukuru sana wakuu. Tumepima kwa hatua: 250 V imesoma 0.41, 500 V imesoma 0.40, imetulia papo hapo. Tulipotoa fyuzi za volti za mita na kufungua kiungo cha nyutro na erthi, kipimo cha chini kati ya vile 10 ni 620 MΩ. Kusukuma mkondo kwenye basiba na VLF vimeingizwa kwenye ratiba, na nyutro ya jenereta inafuatiliwa. Swali moja la ziada: kamera ya joto ipite lini?

Basiba_Tupu

Basi bodi ni nzima, ilikuwa mita. Rudisha fyuzi na kiungo, tia saini ile karatasi ya mlangoni.

Kamera ya joto isipite siku ya kuwasha, mzigo ni mdogo mno na kiungo kibovu kitaonekana kizuri. Subiri mzigo ufike angalau 40% ya kiwango na ukae hapo mpaka joto litulie. Linganisha fezi kwa fezi kwenye kiungo cha aina moja chini ya mzigo unaofanana: tofauti ya nyuzi 1 hadi 3 ni ya kufuatilia, 4 hadi 15 panga matengenezo, zaidi ya 15 zima ukarekebishe. Mzigo wa fezi ukiwa haufanani, andika ampea za kila fezi pembeni ya picha, vinginevyo picha haitasomeka baadaye.